Namba Kabla ya Amri: Mwongozo wa Kutumia Takwimu za Afya Wakati wa Mlipuko Mombasa

Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu ya kitaifa ya korona nchini Kenya. Kufikia saa moja jioni kila mtu alitakiwa awe kwake. Pale feri ya Likoni, ambako siku ya kawaida huvuka zaidi ya watu 300,000, maelfu walijikuta wamebanana upande wa kisiwani wakingoja zamu. Saa ikawapita, na polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi. Amri iliyotungwa ili watu wakae mbalimbali iliwakusanya bega kwa bega, na wengi wakakohoa kwa moshi.

Hesabu ya wanaovuka kati ya saa kumi na saa moja jioni, ikiwekwa kando ya idadi ya safari za feri kwa saa, ingetosha kuonyesha mapema kwamba umati ule hauwezi kumalizika kwa wakati. Hesabu ya namna hiyo inahitaji mtu mmoja, daftari na jioni moja. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa timu ndogo zilizo karibu na watu: mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, karani wa rekodi za afya, msimamizi wa wahamasishaji wa afya ya jamii, na yule kijana wa kujitolea anayejua kutumia Excel. Si lazima muwe na programu ghali. Lazima muwe na laptopu moja inayofanya kazi, mazoea ya kujaza data kila siku, na jambo moja ambalo nitalirudia hadi mwisho: kila namba mnayoikusanya iwe na uamuzi unaoingojea na mtu wa kuutekeleza. Namba isiyo na mwenyewe inamchosha muuguzi anayeijaza bila faida.

Hatua ya 1: Andikeni maamuzi kabla ya kufungua jedwali

Kaeni saa moja na daktari wa kaunti ndogo, mwakilishi wa chifu na mtu wa hospitali iliyo karibu. Chukueni karatasi kubwa, mwandike maswali ambayo mtalazimika kuyajibu wiki hadi wiki. Timu ya upimaji iende mtaa gani Jumanne? Wodi ya pili ya oksijeni ifunguliwe lini? Soko la Kongowea lipunguziwe wachuuzi, au muda wa kuuza urefushwe ili watu wasifike wote kwa pamoja alfajiri? Chanjo ipelekwe kwanza kwa wazee wa wapi? Tuzungumze na wazazi wa shule gani?

Mbele ya kila swali andikeni namba mtakayoitazama, siku itakayosomwa, na cheo cha mtu atakayetenda. Swali lisilo na mtu wa kutenda lifuteni au mtafuteni mtu huyo kabla ya mkutano kumalizika. Mtashangaa maswali yanayobaki ni machache, saba au manane, na namba zinazohitajika kuyajibu hazifiki ishirini. Vituo vyetu vya afya tayari vinajaza fomu nyingi mno. Mkiwaongezea wauguzi safu thelathini kwa sababu tu zinavutia, wataanza kukisia, na data ya kukisia hudhuru kuliko kutokuwa na data.

Hatua ya 2: Kubalianeni ni nani anayehesabiwa kuwa mgonjwa

Mombasa, homa peke yake haitambulishi ugonjwa. Inaweza kuwa malaria, dengi, chikungunya, homa ya matumbo au virusi vya mapafu. Katika mlipuko wa chikungunya ulioanza katikati ya Desemba 2017, hadi tarehe 3 Februari 2018 kaunti ilikuwa imeripoti wagonjwa 453. Kati yao, waliothibitishwa na maabara walikuwa 32 tu, na 421 walikuwa washukiwa. Anayesoma 453 ataona jambo zito, anayesoma 32 ataona dogo, na wote wawili wanasoma mlipuko uleule.

Kwa hiyo andikeni maana mbili au tatu, ziwe fupi, zibandikwe ukutani katika kila zahanati: mshukiwa ni mwenye dalili hizi katika siku kadhaa zilizopita, aliyethibitishwa ni aliyepimwa akapatikana nao kwa kipimo hiki. Kama kuna kundi la katikati, yaani mwenye dalili aliyetangamana na mgonjwa aliyethibitishwa, lipewe safu yake. Msijumlishe makundi haya bila kusema. Na Wizara ya Afya ikibadilisha maana hizo katikati ya mlipuko, pigeni mstari kwenye mchoro siku hiyo. La sivyo, mtakuja kudhani maradhi yameruka siku moja, kumbe kilichobadilika ni kalamu.

Hatua ya 3: Jedwali moja, mstari mmoja kwa mtu mmoja

Taarifa rasmi zina njia yake: fomu ya Wizara ya Afya MOH 502 kwa mgonjwa mmojammoja, MOH 505 kwa muhtasari wa kila wiki, na KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya uliojengwa juu ya programu ya DHIS2, ambao Kenya imekuwa nao tangu 2011. Msiziache. Lakini muhtasari wa wiki hauwezi kumwambia mtu aende mtaa gani kesho asubuhi, na hapo ndipo jedwali lenu la wagonjwa linapohitajika.

Kila mstari uwe mtu mmoja. Safu za lazima ni hizi: namba ya siri badala ya jina, umri, jinsia, wadi na mtaa anakolala, mahali anakofanya kazi au kusoma, siku dalili zilipoanza, siku alipofika kituoni, siku sampuli ilipochukuliwa, siku jibu lilipotoka, jibu lenyewe, kama amelazwa, kama amewekewa oksijeni, na mwisho wake pamoja na tarehe. Tarehe ziandikwe kwa mtindo mmoja, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, maana kompyuta moja ikisoma 04/05 kuwa Mei na nyingine kuwa Aprili, mchoro mzima unaharibika na hakuna atakayejua kwa nini.

Safu ya makazi ndiyo inayowatatiza watu zaidi hapa kwetu, na inastahili subira. Hospitali ya Rufaa ya Coast General, Makadara, hupokea wagonjwa kutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Mtu wa Ukunda akivuka feri akalazwa kisiwani, akiandikwa chini ya Mvita kwa sababu ndiko hospitali iliko, Mvita itaonekana inaungua na Kwale itaonekana shwari. Vivyo hivyo mkaazi wa Mtwapa, ambayo iko Kilifi, anayefanya kazi hotelini Bamburi. Ulizeni mtu analala wapi, si alitibiwa wapi.

Kisha ulizeni tena, kwa jina la mtaa. Mtu atasema "Kisauni" akimaanisha kaunti ndogo nzima au kituo cha matatu. Tengenezeni orodha ya mitaa yote mnayoijua, mkiipanga chini ya wadi 30 za Kaunti ya Mombasa, na wapeni makarani wachague kutoka orodha hiyo badala ya kuandika wenyewe. Bila hivyo mtapata "Ziwa la Ngombe", "Ziwa la Ng'ombe" na "ZLN", na kompyuta itavihesabu kuwa vitongoji vitatu. Wazee wa mtaa na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaijua mipaka hii kuliko ramani yoyote. Waiteni siku ya kuitunga orodha, na walipwe nauli.

Mara moja kwa siku tafuteni waliorudiwa. Mtu aliyepimwa Likoni Jumatatu na tena Tudor Ijumaa ni mgonjwa mmoja.

Hatua ya 4: Choreni kwa siku ya dalili, mkumbuke kwamba siku za mwisho zinadanganya

Hapa ndipo penye makosa yaliyogharimu miji mingi duniani mwaka 2020, na ningependa msomaji apapitie polepole.

Taarifa ya jioni ya televisheni husema wagonjwa wapya leo ni kadhaa. Ukweli ni kwamba hao ni watu ambao majibu yao yametoka leo. Wengine waliugua siku kumi zilizopita. Sampuli za Pwani zilipokuwa zikipelekwa maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi, majibu ya siku kadhaa yangeweza kufika kwa mkupuo. Ukichora kwa siku ya jibu, utaona mlima Jumatano na bonde Jumapili, na hakuna kati ya hayo kilichotokea mitaani. Ni ratiba ya maabara unayoiona.

Choreni basi kwa siku dalili zilipoanza. Mchoro huo ndio unaoonyesha maradhi yanavyosambaa. Wekeni juu yake mstari wa wastani wa siku saba, ili wikendi isiwapoteze.

Lakini mchoro huo una mtego wake. Siku tano au sita za mwisho daima zitaonekana zinashuka, kwa kuwa walioanza kuugua juzi bado hawajafika kituoni, au sampuli zao ziko kwenye kisanduku cha barafu. Kiongozi mwenye haraka huuona mteremko huo akatangaza kwamba hali imetulia. Dawa yake ni hesabu nyepesi. Chukueni wagonjwa wa mwezi uliopita, ambao taarifa zao zimekamilika, mwangalie ni asilimia ngapi walikuwa wameingia kwenye jedwali siku 2 baada ya dalili, siku 4, siku 6, na kadhalika. Tuseme mmegundua kwamba baada ya siku 2 huwa wameingia asilimia 40. Leo mkiona wagonjwa 20 wa juzi, gawanyeni 20 kwa 0.40: huenda ni 50. Choreni hiyo kwa rangi hafifu juu ya nguzo halisi, na mwandike wazi kuwa ni makadirio. Kama hamna muda wa kuifanya hesabu, funikeni siku saba za mwisho kwa kivuli cha kijivu na mseme mbele ya kila mkutano kwamba eneo hilo halisomwi.

Safu zile za tarehe zinawapa pia zawadi nyingine. Zinaonyesha muda unapotea wapi. Kama kutoka dalili hadi kituoni ni siku sita, tatizo ni hofu au nauli, na tiba yake ni kupeleka upimaji mtaani. Kama kutoka sampuli hadi jibu ni siku tano, tatizo ni usafiri au maabara. Nchi nyingi sasa hujipima kwa kanuni ya 7-1-7: siku 7 kugundua mlipuko, siku 1 kuutolea taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kuukabili. Tarehe zenu ndizo zitakazowaambia mko wapi.

Hatua ya 5: Gawanyeni kwa idadi ya wakazi

Sensa ya 2019 iliikuta Mombasa na watu 1,208,333. Kwa kaunti ndogo: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171 na Changamwe 131,882. Ziwekeni namba hizi kwenye ukurasa wa pili wa jedwali na mzitumie kila mara.

Tuseme wiki hii Kisauni ina wagonjwa 80 na Changamwe ina 80. Kwa kila watu 100,000, Kisauni ina kama 27 na Changamwe ina kama 61. Zaidi ya mara mbili. Timu ya kwanza iende Changamwe.

Fanyeni hivyo kwa umri pia, hasa kwa wazee, kwa sababu maradhi kama korona yaliua wenye miaka mingi zaidi kuliko vijana. Wadi yenye wagonjwa wachache walio na miaka zaidi ya 60 huenda ikahitaji vitanda vingi kuliko wadi yenye wanafunzi wengi wenye mafua. Kwa ngazi ya mtaa, hata hivyo, msigawanye. Wagonjwa wawili katika mtaa wa watu mia tatu watatoa kiwango cha kutisha kisichomaanisha kitu. Hapo hesabu ya kawaida na ziara ya miguu vinatosha.

Hatua ya 6: Msisome chanya bila kusoma waliopimwa

Mkipima wengi mtapata wengi. Kwa hiyo kila wiki andikeni pamoja: waliopimwa, waliopatikana, na asilimia yake. Wiki ya kwanza mmepima 200 mkapata 20, yaani asilimia 10. Wiki ya pili mmepima 400 mkapata 28, asilimia 7. Wagonjwa wameongezeka, lakini mnawafikia vizuri zaidi. Wiki ya tatu vifaa vimepungua, mmepima 100 mkapata 18. Gazeti litaandika kwamba wagonjwa wamepungua kutoka 28 hadi 18. Ninyi mtaona asilimia 18, na mtajua maradhi yamewaponyoka. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza asilimia hiyo iwe chini ya 5 kwa muda usiopungua wiki mbili kabla ya kulegeza masharti, na bado ni kipimo kizuri cha kujilinganisha, mradi mnapima watu wa kawaida. Kama wengi mnaowapima ni madereva wa malori wanaotafuta cheti cha kuvuka mpaka, asilimia yenu itakuwa ya madereva. Haitasema kitu juu ya wakazi wa mitaa kama Mtopanga au Majengo. Madereva hao watengeni.

Kuna swali gumu zaidi: nani hakuja kupimwa? Mji wa Kale ulifungwa tarehe 6 Mei 2020 kwa wiki nne na siku kadhaa, na upimaji wa halaiki ulipoletwa, wakazi wengi walisita. Mtu aliyesikia kwamba jibu la chanya litamtoa nyumbani usiku na kumpeleka karantini, tena akiwa na mama mzee wa kumlea, ana sababu ya kusita. Takwimu za eneo lenye hofu zitaonyesha wagonjwa wachache, na mtu asiyejua atalisifu. Kila mnapoona mtaa umenyamaza, tazameni kwanza umepimwa watu wangapi. Mtaa wenye vipimo vichache hauna taarifa, na usiwekwe rangi ya kijani kwenye ramani. Upeni rangi nyeupe.

Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walio Kilifi walituonyesha ukubwa wa pengo hilo. Walichunguza damu iliyotolewa na wachangiaji 3,098 wenye miaka 15 hadi 64, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakitafuta alama za kinga dhidi ya virusi vya korona. Makadirio yao kwa nchi yalikuwa asilimia 4.3, na kwa Mombasa asilimia 8.0, karibu mtu 1 kati ya 12. Wakati huo waliothibitishwa Kenya nzima walikuwa takriban 4,000. Wachangiaji damu si sura kamili ya jamii, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa kwa sababu hiyo pekee. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba wagonjwa mnaowaona ni sehemu ndogo, na mipango ya kufuatilia kila aliyetangamana na kila mgonjwa ina mwisho wake. Ikifika hapo, nguvu zihamie kwenye kuwalinda wazee na kuandaa vitanda.

Hatua ya 7: Kasi, kisha oksijeni

Wagonjwa wa wiki iliyopita walikuwa 40, wiki hii 60. Katika Excel andikeni =7*LN(2)/LN(60/40). Jibu ni karibu 12: kwa mwendo huu wagonjwa wataongezeka maradufu kila siku 12. Andikeni siku za maradufu kwenye ubao wa timu kila Jumatatu. Watu wasio wa hesabu huielewa namba hii kuliko nyingine zote.

Sasa ipelekeni hospitalini. Tuseme waliowekewa oksijeni leo ni 24 na uwezo wenu wote ni 40. Mwenye kutazama vitanda ataona nafasi 16 na kulala usingizi. Kwa maradufu ya siku 12, nafasi hizo zitajaa baada ya siku 9 hivi. Kama mitungi huchukua siku saba kutoka agizo hadi kufika, mna siku mbili za kuamua. Hesabu hii ndogo ndiyo ningependa kila msimamizi wa hospitali aifanye kwa mkono wake, kwa sababu anayekosa hewa hangoji kikao cha Alhamisi.

Hesabuni mitungi iliyojaa, mita za kupimia mtiririko wa oksijeni zinazofanya kazi na wauguzi wa zamu ya usiku. Kitanda chenye mtungi mtupu msikihesabu.

Hatua ya 8: Vifo vya nyumbani

Takwimu za hospitali hazioni anayefia chumbani kwake Mtongwe. Na hapa Mombasa, ambako Waislamu wengi huzika siku ileile, maiti inaweza kuwa kaburini kabla ofisi yoyote ya afya haijapata habari. Kifo cha hospitali huandikwa kwenye fomu ya D1, cha nyumbani kwenye D2 kupitia kwa naibu wa chifu. Ombeni jumla ya D2 kila wiki. Ombeni pia, kwa heshima na bila kutaka majina, hesabu za kamati za mazishi za misikiti, za wasimamizi wa makaburi kama Kikowani na Mbaraki, na za makanisa. Linganisheni na wiki kama hiyo katika kila mwaka wa miaka mitatu iliyopita.

Mzikaji wa zamani hujua kabla ya kompyuta. Akiwaambia wiki hii amechimba kuliko kawaida, msimjibu kwamba hakuna ushahidi. Andikeni tarehe aliyosema, mwende mkahesabu.

Kumbukeni vifo huja nyuma ya maambukizi kwa wiki mbili, tatu au zaidi. Havifai kuwa king'ora cha kwanza. Kazi yake ni kusahihisha picha.

Hatua ya 9: Wekeni vizingiti mkiwa bado mmetulia

Rudini kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Mbele ya kila uamuzi andikeni kiwango kitakachouwasha na kiwango kitakachouzima, kabla mlipuko haujapamba moto. Mfano, na namba hizi zibadilisheni kulingana na uwezo wenu: siku zinazobaki kabla nafasi za oksijeni hazijajaa zikishuka chini ya 14, wodi ya pili inafunguliwa na agizo la mitungi linatumwa siku hiyohiyo, bila kikao kingine. Asilimia ya chanya katika wadi ikipita 10 kwa wiki mbili mfululizo, kituo cha kupima kinapelekwa huko kwa siku tano, jioni na asubuhi mapema, saa ambazo wachuuzi na makuli wanaweza kufika. Ikishuka chini ya 5 kwa wiki mbili, kituo kinahama.

Kiwango cha kuzima ndicho kinachosahaulika. Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa kwa wasafiri tarehe 8 Aprili 2020, na zikafunguliwa tarehe 7 Julai. Miezi mitatu bila mgeni hotelini, bila mzigo mdogo wa kwenda kuuza Voi, ni njaa katika nyumba nyingi. Mtu anayevumilia ana haki ya kujua mapema anangojea namba gani. Kwa hiyo kila sharti litolewe pamoja na kipimo cha kuliondoa na tarehe ya kulipitia upya, hata kama tarehe hiyo itasogezwa.

Na kwa kila sharti wekeni safu ya gharama: nani atakosa chakula, kliniki gani ya wajawazito itakosa watu, watoto wangapi watakosa chanjo ya surua. Namba hizo zimo kwenye KHIS, tena nyingi. Kama waliojifungulia kituoni Jomvu wamepungua ghafla baada ya kafyu, hilo nalo ni tukio la mlipuko na linataka jibu: magari ya usiku, vibali kwa wakunga, chochote kinachowezekana wiki hiyo.

Hatua ya 10: Rudisheni taarifa mlikoitoa, bila kumuumbua mtu

Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jedwali lenye mistari ya watu lifungwe kwa nywila, libaki kwa watu wawili au watatu, na lisitumwe WhatsApp kamwe, hata kwa bosi anayeomba kwa haraka. Kinachotoka nje ni jumla. Mahali penye wagonjwa chini ya 5, andikeni "chini ya 5", na msishuke chini ya ngazi ya wadi. Katika Mji wa Kale, ambako nyumba zimeshikana na kila mlango unajulikana, kusema "mzee mmoja wa kichochoro fulani" ni sawa na kutaja jina. Aliyetajwa mara moja hatarudi kupimwa, wala jirani zake.

Ila msikae kimya. Mhamasishaji aliyezunguka nyumba mia moja juani kuuliza dalili ana haki ya kuona kazi yake ilifanya nini. Taarifa iwe fupi, isomeke kwenye simu ndogo, iweze kutangazwa msikitini baada ya sala na kanisani kabla ya baraka. Inaweza kuwa hivi:

"Wadi yetu, Jumatatu hadi Jumapili iliyopita. Waliopimwa 120, waliopatikana na ugonjwa 15. Wiki ya kabla walipimwa 110, wakapatikana 9. Ugonjwa unapanda. Kwa hiyo kuanzia kesho hadi Jumamosi timu ya kupima itakuwa uwanja wa shule ya msingi, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Kupimwa ni bure. Atakayepatikana na asiwe na dalili nzito atabaki nyumbani kwake, na atapigiwa simu kila siku. Mwenye kushindwa kupumua asingoje, apige simu kwa mhamasishaji wake usiku au mchana. Hatua hii tutaipitia tena Jumatatu ijayo."

Kila sentensi ndani yake iwe kweli siku inapotumwa, hasa ile ya kubaki nyumbani. Kama hamna uwezo wa kupiga simu kila siku, iondoeni. Itumwe kila Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, hata wiki ambayo hakuna jipya, na swali lolote lililoulizwa na wakazi Jumatatu iliyotangulia lijibiwe humo, na utajwe pia ule uamuzi ambao haukuleta matokeo na utakaobadilishwa.